Nashona mapazia, nataka kuanza kuuza mitandaoni ila sijui naanzia wapi

MamaPazia_Segerea:
Habari zenu wakuu, naomba msinicheke. Nina kafremu kangu ka kushona mapazia huku Segerea mwaka wa nne sasa, cherehani mbili, mimi na binti mmoja wa kunisaidia, kitambaa nachukua Kariakoo. Wateja wangu wote ni wa njiani, mtu anapita anaona pazia limening'inia mlangoni anauliza, au mteja wa zamani anamleta wifi yake. Ilikuwa inatosha, ila tangu waanze kuchimba mtaro mbele ya fremu watu hawapiti tena upande wetu, mwezi uliopita nimepata oda nne tu na mwenye fremu yeye mtaro haumhusu, kodi yake anaitaka.

Mdogo wangu akanifungulia Insta. Nimeposti picha kama thelathini hivi, laiki ni za ndugu tu. Afu nikafanya ujinga, kuna kijana aliniambia yeye kazi yake ni kukuza akaunti, nikampa laki na nusu, baada ya siku tatu kweli folowa wakafika elfu nane nikafurahi mpaka nikamwonyesha baba watoto, kumbe hakuna hata mmoja anayejua Segerea iko wapi, majina yenyewe hayasomeki, hamna anayelaiki hamna anayeuliza bei. Hela imeenda hivo.

Sasa maswali yangu. Nianze na mtandao gani kati ya Insta, TikTok, Facebook na WhatsApp, maana zote siziwezi, niko mwenyewe na kazi zinanisubiri. Niweke bei au nisiweke? Na hii kubusti watu wanayoisema, yaani kulipia posti ionekane na wengi, ni shilingi ngapi na inalipwaje, mimi kadi ya benki sina nina M-Pesa tu. Simu ni Tecno ya kawaida ila kamera sio mbaya.

Dada_wa_Viungo:
Pole mama na karibu. Hao elfu nane waache hukohuko, fungua akaunti mpya, maana ukiposti kitu Insta inaanza kukionyesha kwa baadhi ya folowa wako, wakikaa kimya inajua hiki hakina mvuto basi haikipeleki mbele. Sasa wewe watu wako wa kwanza ni maroboti, watakaa kimya mpaka kiama. Picha thelathini sio mali ya kulilia, mpya utazipiga.

Swali la mtandao gani, mi nasema WhatsApp. Najua ulitegemea nikwambie TikTok. Mi nauza viungo vya pilau na mchuzi hapo Ukonga, si mbali na kwako, na nikifungua daftari langu naona wanaonunua kweli wengi wametoka kwenye stetasi, wa Insta wanasifia tu "hongera dear" wanapita. Anayekujua ndo anayekuamini, na pazia sio ubuyu wa mia mbili, mtu anakupa laki tatu yake lazima ajue anakupata wapi ukimzingua.

Fanya leo leo. Shusha WhatsApp Business, ni bure, ukitaka itumie namba yako hiyohiyo inahama na meseji zako, ila kwanza fanya bakapu tafadhali, mi sikufanya, nilipoteza oda za Ramadhani nzima nikawa napiga simu kwa watu kuwauliza "samahani uliagiza nini". Ukitaka namba nyingine pia sawa, WhatsApp zote mbili zinakaa simu moja. Weka jina la ofisi, mtaa, saa za kufungua, afu ingia kwenye katalogi, humo unapanga kila aina ya pazia na picha yake na bei yake, mtu akiuliza unamtumia linki moja badala ya kutuma picha zilezile mara mia kwa siku. Kuna majibu ya haraka pia, unaandika mkwaju na neno moja, mfano /vipimo, maelezo yako yote ya kupima dirisha yanajileta yenyewe. Hiyo itakuokoa sana maana naamini kila mteja anakuuliza jambo lilelile. Na lebo, mi nina tatu tu, kaulizia, kalipa nusu, kamaliza. Jioni nafungua wale wa kaulizia nawakumbusha kistaarabu.

Ila kabla ya yote hayo chukua daftari lako la oda la miaka yote minne. Kila mteja ambaye namba yake imo, isevu, mtumie meseji yake mwenyewe kwa jina, "mama fulani zile pazia za sebuleni zinaendeleaje, hii ndo namba yangu ya kazi naomba uisevu". Usiiruke hiyo ya kuisevu, stetasi yako haionwi na mtu ambaye hana namba yako kwenye simu yake, na ile ya kutuma meseji moja kwa watu wengi kwa mkupuo, ambayo orodha moja inabeba watu 256, nayo haimfikii ambaye hajakusevu. Watu wanalalamika stetasi haina watazamaji kumbe hawajawahi kuomba kuseviwa.

mzee_wa_aluminiam:
Nawasoma tu hapa. Mimi ni fundi wa madirisha ya aluminiam, naingia nyumba za watu Goba, Madale, Chanika, Kibamba huko kote kunakojengwa, na nikwambie mama, hakuna anayenunua pazia kwa sababu kaona pazia zuri. Anayenunua ni anayehamia. Nikishafunga vioo, wiki hiyohiyo mwenye nyumba ananiuliza fundi humjui mtu wa mapazia? Kila nyumba. Mama anataka kuhamia Jumamosi na madirisha yako wazi jirani anawaona mpaka wanachokula. Na mimi namtajia yule ambaye mara ya mwisho alinikumbuka na hela ya soda. Tafuta mafundi watatu wa aluminiam na wawili wa jipsamu, waachie namba, mteja akifika mpe fundi elfu ishirini yake siku hiyohiyo bila kumzungusha. Mambo ya kucheza mbele ya simu waachie watoto.

Dada_wa_Viungo:
Mzee wangu shikamoo, umeongea kitu kikubwa ila umejipiga mwenyewe hapohapo. Wewe si una namba za hao wenye nyumba wote kwenye simu yako, na wao wana yako? Na stetasi unayo?

mzee_wa_aluminiam:
Marahaba. Stetasi ninayo, naweka picha za wajukuu.

Dada_wa_Viungo:
Basi mama umepata jibu, hiyo stetasi ya mzee ni bora kuliko elfu nane wako. Mpelekee fundi video ya sekunde thelathini ya sebule uliyoifunga, aiweke kwenye stetasi yake, chini aandike "mapazia kafunga mama wa Segerea, namba hii". Wanaoiona ni watu ambao wamemaliza kuweka vioo juzi. Ukitaka kununua tangazo la namna hiyo hulipati kwa hela yoyote.

mzee_wa_aluminiam:
Video nipeni nitaweka. Elfu ishirini iko palepale.

Kariakoo_Jemedari:
Kwenye bei mimi napingana na watakaokuja. USIWEKE. Niko na vitambaa Kariakoo miaka mingi, ukiandika elfu kumi na nane jirani anaandika kumi na saba na nusu, kesho mnauza kwa hasara wote. Na mteja anayeanza na bei huyo ni msumbufu tu hana nia. Mwite dm (meseji za faragha), msalimie, mjue, muuzie. Biashara ni mdomo.

nimechoka_na_dm:
Nyie ndo mnatuua. Mimi sio mfanyabiashara ni mteja tu, nimehamia Kinyerezi mwezi wa pili, nikatafuta neti na pazia zito la chumbani, nimepitia akaunti tisa na nane kati yao wameandika "bei njoo dm". Nikaenda dm kote huko. Watatu walinijibu kesho yake, mmoja hajanijibu mpaka leo, mwingine ananiuliza "uko wapi dear", yaani bei inategemea naishi wapi?? au anataka kujua kama nakaa Masaki. Nikanunua kwa yule wa tisa aliyeandika. Alikuwa ghali kwa elfu tatu na nilijua ni ghali.

Kariakoo_Jemedari:
Wewe mmoja. Wenzako wanakuja dm kila siku na wananunua.

nimechoka_na_dm:
Wanaonunua unawaona, walioondoka kimya utawaonea wapi mkuu

MamaPazia_Segerea:
Asanteni jamani. Sasa kwenye bei shida yangu ni kwamba madirisha hayafanani, naweza kuandika elfu hamsini mtu akaja na dirisha la ukuta mzima. Na Kariakoo_Jemedari nakuelewa maana jirani yangu wa kushoto anashona pia.

Seremala_wa_Keko:
Mama nilikuwa naandika jibu refu, sasa nakuta mmeshagombana. Mimi nipo Keko, vitanda na makabati, shida yako ya vipimo ni yangu pia. Nilichofanya ni kuandika mfano mmoja kamili badala ya bei ya kila kitu. Wewe andika hivi, dirisha la futi 5 kwa 5 linakula mita 3 za kitambaa ili pazia likae na mikunjo, mita ni 18,000 na kushona na ringi humohumo, jumla 54,000, bomba la kutundikia na ufundi wa kufunga ni mbali. Mteja mwenye akili atapiga hesabu ya madirisha yake sita mwenyewe kabla hajakupigia, na yule ambaye 54,000 kwake ni nyingi hatakusumbua usiku. Jirani akishusha mia tano mwache ashushe, yeye hana zile stetasi za mafundi.

Sasa twende kwenye picha kwa sababu nimeingia kwenye akaunti za mapazia kabla ya kukujibu na karibu wote mnakosea kitu kimoja, mnapiga picha pazia likiwa limetundikwa ofisini, usiku, chini ya ile taa ya njano. Rangi ya maziwa inatoka kama haradali.

MamaPazia_Segerea:
Uwiii umenishika. Nina mama mmoja wa Kinyerezi alinirudishia kwa sababu hiyo, kwenye picha aliona kijivu cha kupoa, amefika nacho nyumbani kimekuwa kama kijani kibichi, akasema nimembadilishia kitambaa. Nilimrudishia hela yote na lile pazia mpaka leo linazuia vumbi kwenye cherehani.

Seremala_wa_Keko:
Ndo hivo. Piga mchana, saa tatu mpaka saa tano asubuhi hivi, pazia likiwa dirishani nyumbani kwa mteja siku unayofunga, taa zote zimezimwa. Usisimame ukitazamana na dirisha moja kwa moja, simu itafanya pazia kuwa jeusi, simama pembeni mwanga uje kwa ubavu. Piga kwanza dirisha likiwa tupu kabla hujagusa kitu, yaani ile hali ya gazeti lililobandikwa kwenye vioo, hiyo ndo picha ya thamani kuliko zote na watu huwa wanaisahau wanakumbuka kupiga mwisho tu. Afu piga mkono wako unapitisha ringi kwenye bomba. Afu la mwisho, unalivuta pazia taratibu linafunga chumba chote kinakuwa giza. Video tatu za sekunde kumi kumi, unaziunganisha kwa app ya CapCut au hata ndani ya Insta yenyewe, hamna haja ya muziki wa kelele, ule mlio wa ringi zikiteleza kwenye bomba unatosha, niamini.

Ila omba ruhusa. Sio adabu tu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria ile ni sebule ya mtu. Usipige nje ya nyumba, usipige watoto, usipige tivii ya inchi sitini na tano ukaandika na mtaa, wezi nao wana bando.

Kubusti sasa. Usibonyeze ile batani ya kubusti iliyopo chini ya posti kwa pupa, na usichague Tanzania nzima, mtu wa Kigoma hatakuletea dirisha lake. Fungua tangazo ambalo mtu akibonyeza linamleta moja kwa moja WhatsApp kwako, Meta (wenye Facebook na Insta) wanayo hiyo, inatokea Facebook na Insta kwa pamoja. Kwenye eneo weka pini, unachagua na kilometa za kuzunguka. Mzee wa aluminiam ameshakutajia maeneo bila kujua, weka pini Chanika, Goba na Kibamba, acha Kariakoo na Posta, huko hakuna anayehamia nyumba mpya. Umri usiwape watoto wa miaka 18, weka kuanzia 28 hivi.

Hela, mimi tangazo langu la kwanza nililifanya kwa elfu tano kwa siku, siku saba, 35,000. Zilikuja meseji 38. Usishangilie, kati ya hao 24 waliuliza bei wakapotea, wengine wakaongea vizuri mpaka nikaona kitanda kimeshauzwa wakasema "nitarudi mwezi ukiisha", walionunua ni watatu. Ukigawa ni kama elfu kumi na mbili kwa mteja, kitanda kimoja faida yangu ni zaidi ya hapo mara kadhaa kwa hiyo nikaendelea. Ingekuwa nauza sabuni ya elfu mbili ningekuwa nimejichimbia kaburi. Piga hesabu yako hivohivo, pazia za nyumba nzima faida yake unaijua wewe. Siku mbili za mwanzo linakuwa kama limekufa, usiliguse, ukilibadilisha kila saa linaanza upya kutafuta watu.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuliwasha Ijumaa nikaenda msibani Morogoro. Narudi Jumapili usiku nakuta meseji kumi na moja zimepoa, nawajibu hamna aliyerudi hata mmoja. Kama siku hiyo huwezi kushika simu, lizime.

Malipo, kadi ya benki sio lazima. Kwenye menyu ya M-Pesa kuna kadi ya mtandaoni unajitengenezea, inakupa namba kama kadi ya kawaida, unaweka hela ya tangazo tu na sio akiba yako yote. Mitandao mingine ya simu nayo inazo. Wenye iPhone wanaosoma hapa, msilipie tangazo ndani ya app, Apple wanaongeza asilimia 30 juu yake, ingieni kwa brauza mlipie huko.

MamaPazia_Segerea:
Seremala Mungu akubariki, nimekopi yote kwenye daftari. Kuna kijana mwingine (sio yule) anataka laki tatu kwa mwezi awe anasimamia akaunti, mnasemaje?

Seremala_wa_Keko:
Oda nne kwa mwezi unamlipa laki tatu? Subiri ujue mwenyewe nini kinauza, ndo umpe mtu akifanye.

BintiKongowea:
Salaam aleikum kutoka Mombasa. Mimi nauza mitumba ya watoto Kongowea, na nataka kuitetea TikTok kidogo manake naona yasukumwa pembeni kama mtoto wa kambo. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikipiga picha nguo moja moja nimezitandaza kitandani, hakuna aliyenunua. Siku moja nikaweka simu juu ya mtungi nikajirekodi nikifungua belo, lile furushi la mitumba, ule wakati wa kukata kamba na nguo kufura, sikusema neno. Ile video ilikwenda kuliko zote nilizowahi kuweka, watu wapenda kuona kazi yafanywa. Dada wa mapazia ana kitu kama hicho, kata kitambaa kirefu kwa mkasi kwa mara moja, au toboa ringi, waacha tu simu ijirekodi yenyewe wewe ukifanya kazi yako, huhitaji kucheza wala kuimba mzee asikutishe.

Lakini nikwambie na ubaya wake. Ilipokwenda ile video waliokuja walikuwa wa Nairobi, Kisumu, mwengine Doha, na mimi nauza fulana ya shilingi mia, kuituma ni ghali kuliko yenyewe. Yanipa jina, pesa yatoka kwa walio karibu. Ile ya kwenda laivu nayo mpaka ufikishe folowa 1,000, na hao uwapate kwa haki sio kwa yule kijana wako. Nilipowafikisha nikaanza laivu Alhamisi usiku baada ya isha watoto wakishalala, wamama ndio washika simu saa hizo, nainua nguo nataja bei, wa kwanza kuandika "yangu" ndio yake. Asiyelipa kwa till (namba ya malipo ya biashara) kufikia saa nne asubuhi yarudi sokoni.

nimechoka_na_dm:
Saa nne asubuhi hahaha hiyo ni mahakama

daftari_la_mkono:
Mmeshauri vizuri ila mnamwekea mama mayai yote kwenye simu. Mnakumbuka Oktoba 4, 2021 Facebook, Insta na WhatsApp zilizima dunia nzima karibu masaa sita? Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika intaneti ikawa ya kusuasua Afrika Mashariki yote? Na Oktoba 29, 2025 siku ya uchaguzi intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, mimi ninauza keki, nilikuwa na keki mbili za harusi za mwisho wa wiki ile, namba za wateja zote ziko ndani ya WhatsApp sijui hata nani anakuja kuchukua nini. Tangu siku hiyo kila oda naiandika kwenye karatasi, jina, namba, tarehe, kalipa ngapi, na safu moja ya "umetujulia wapi". Hiyo safu ya mwisho ndo itakwambia baada ya miezi mitatu uendelee na lipi.

Na ulinzi mama. Ukianza kujulikana watakuja. Utapata meseji Insta ya mtu anajiita huduma kwa wateja wa Meta, akaunti yako itafungwa ndani ya saa 24 bonyeza hapa, usibonyeze. Mtu akikuomba zile tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako, hata kama ni akaunti ya dada yako ndo inaomba, usimpe, dada yako ameshaibiwa. Washa ile ya namba ya siri ya hatua mbili kwenye WhatsApp. Na malipo angalia salio, usiangalie meseji, tunaishi nchi ya "ile hela tuma kwenye namba hii", wameshahamia kwenye kutengeneza meseji za malipo zinazofanana kabisa na za kweli. Usikate kitambaa kabla ya nusu, hilo hata kwa shemeji.

MamaPazia_Segerea:
Wakuu nimerudi, leo ni wiki ya tatu. Nimetuma meseji kwa wateja wa zamani 63 niliowapata kwenye daftari, namba nyingine hazipatikani tena, wawili walijibu kwa ukali "nani wewe", wengi wamefurahi. Mmoja tu kati yao kaniletea oda, ila mmoja huyo ni ya nyumba nzima, mtoto wake kajenga Chanika. Mzee wa aluminiam tulionana, kaweka video kwenye stetasi, simu mbili zimekuja na mmoja kalipa nusu, elfu ishirini yake nimempa palepale kabla hata sijanunua kitambaa. Akaunti mpya ya Insta ina folowa 41 na nawajua karibu wote. Bei nimeandika kama Seremala alivyosema, jirani kashusha kweli, kaandika 17,000.

Tangazo nimeliweka siku nne kwa elfu tano, meseji 17, bado hamna aliyelipa ila kuna wawili wanaongea vizuri. Mmoja yuko Kibaha, ana madirisha saba, anataka anitumie picha za madirisha kwa WhatsApp nimwambie bei na nianze kukata, hataki niende kupima kwa sababu nauli ni juu yake. Anasema nusu anatuma leo. Mnanishauri nikubali?

Dada_wa_Viungo:
Hela ya nusu tamu ila kwa picha hapana.

mzee_wa_aluminiam:
Usikate kitu kwa picha mama. Mwambie anipe mimi fundi wake wa vioo niongee naye, Kibaha yote tunajuana, vipimo atakuwa navyo kwenye karatasi. Lakini vile ni vya dirisha. Mwenye nyumba aweke futi ukutani, kwenye bomba litakapokaa, ncha hadi ncha, na kutoka bomba mpaka sakafuni. Na akishapima dirisha la kwanza asiseme mengine yako hivohivo. Hayako hivohivo, nimeyafunga mimi.

MamaPazia_Segerea:
Namtumia /vipimo sasa hivi 😂